Karatasi ya Jikoni kwa Mama Chitanda

Ujumbe ulinikuta kwenye benchi la hospitali, eneo la Posta katikati ya mji, mkono wa kushoto umekunjwa na kipande cha pamba kimebanwa kiwikoni, nikisubiri kuambiwa sukari yangu imefika wapi. Ulikuwa mfupi, umewekwa katika kundi la simu ambalo nililinyamazisha miaka mingi nyuma: Bi Mwanaidi wa maabara hatunaye tena, khitma Jumamosi nyumbani kwake Ilala. Niliusoma mara tatu. Nyuma ya kioo, mashine yenye ukubwa wa jokofu dogo ilikuwa inameza mirija ya damu na kutema karatasi, moja baada ya nyingine, na kijana aliyeihudumia alikuwa anatafuna karanga huku akitazama simu. Hakuna aliyekodoa macho, hakuna aliyehesabu kwa midomo. Nikajisikia kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyokulia akakuta imepakwa rangi nyingine, ingawa nina miaka arobaini na kitu tu na, kwa mujibu wa karatasi waliyonikabidhi, sukari iliyoanza kujiamulia mambo yake. Niliona namba moja imewekewa nyota, nikaikunja karatasi bila kuisoma mpaka chini, nikaitia mfukoni.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na saba na shahada ya fasihi niliyoitunza ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvua zilikuwa nyingi. Nilikuwa nimezunguka ofisi zote za mjini zenye kiyoyozi. Maabara ya Bi Mwanaidi haikuwa nacho. Ilikuwa chumba kimoja kirefu, ghorofa ya pili, kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo nyuma ya Msimbazi, juu ya duka la vitenge, na mwenyewe alikuwa anatafuta mtu kwa sababu moja tu: mwandiko wake haukusomeka. Madaktari walidhani anawaandikia Kiarabu, na masheikh walidhani ni mambo ya kidaktari. Alinipa kalamu na kipande cha karatasi. "Andika jina lako." Nikaandika. Akakishika mbali na macho, kama mtu anayetazama picha ya harusi isiyomhusu. "Kesho saa moja asubuhi," akasema. Shahada hakuiomba, na sidhani kama aliwahi kujua nilisomea nini. Mtaani walijua. Wakaniita Msomi, na jina hilo nilikaa nalo mwaka mzima kama shati la kuazima.

Ninapokiota chumba kile, na ninakiota mara nyingi kuliko nyumba zote nilizowahi kupanga, huwa ni saa nne asubuhi na mvua imetoka kukatika. Mwanga unaingia kupitia dirisha lililopakwa rangi ya bluu na mtu aliyeishiwa rangi katikati ya kazi, kwa hiyo nusu ya chumba ni bahari na nusu ni Kariakoo. Kwenye kichanja cha mbao vioo vidogo vimepangwa kukauka, kila kimoja na doa lake la damu lililogeuka zambarau. Kunanukia spiriti na vitenge vipya. Kutoka chini kipaza sauti cha muuza mashuka kinarudia sentensi yake ileile, na wapagazi wanapita na marobota wakisema "miguu hiyo, miguu," kwa sauti ya watu waliolala wakitembea. Na Bi Mwanaidi yuko juu ya kigoda kirefu, koti jeupe juu ya dera, jicho kwenye hadubini, vidole vya zambarau mpaka kwenye kucha, anahesabu. Midomo yake inacheza lakini haitoi sauti. Mkono wa kulia unabonyeza kihesabio cha chuma, tik, tik, tik, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo sauti ya damu yenyewe. Siku ya kwanza aliyoniruhusu kuchungulia niliona mbingu ya rangi ya waridi iliyojaa vijiduara visivyo na idadi, na hapa na pale mwezi wa zambarau. Nilimwambia kwamba ni shairi. Alinijibu kwamba ni mtoto wa muuza viatu, na kwamba nisipumue juu ya lenzi.

Watu wa mtaa ule walikuwa na desturi ambayo sijaikuta katika kitabu chochote. Bi Mwanaidi alihesabu chembe nyeupe mia mbili, na wadudu wa malaria aliowakuta humo njiani ndio walioandikwa kwenye jibu. Namba hiyo watu waliichukua kama cheo. Walishuka nayo ngazi, wakaipeleka barazani, wakalinganisha. "Wewe wangapi?" nilimsikia mpagazi mmoja akimuuliza mwenzake kwenye benchi letu. "Wanne." "Wanne ndiyo umekuja umejifunika kanga ya mkeo? Mimi mwaka jana nilikutwa na kumi na mmoja, nikabeba marobota mpaka alasiri." Sauti ya Bi Mwanaidi ikatoka nyuma ya pazia, bila haraka: "Huyo wa kumi na mmoja ndiye aliyetapikia ndoo yangu. Saidi, usidanganye watu." Benchi zima likacheka, Saidi naye akacheka. Lakini mimi aliniita ndani akanikanya nisije nikaanza ujinga ule. Namba moja, alisema, haijui kitu. Kuna mtu ana wadudu wawili na hali mbaya, kuna mwingine ana thelathini na anadai chenji. "Ukiniletea namba, niambie na jana ilikuwa ngapi. Halafu niambie mwenyewe anaonekanaje." Nikaitikia kwa heshima, kama nilivyokuwa nikiitikia mihadhara, na sikuandika popote.

Chini, uani, alipikia Mama Chitanda. Alikuwa mtu wa Masasi, mpana, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na jiko lake lilikuwa mabati matatu, mafiga, pipa la maji lisilo na mfuniko na ukuta mweusi wa moshi wenye kalenda ya miaka miwili nyuma. Asubuhi chapati na chai ya tangawizi, mchana wali maharage, ugali kwa dagaa, mchicha, na kwa wale aliowapenda, kisamvu cha karanga. Mara chache, mzigo ukishuka kutoka kusini, alichemsha ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayomenywa kwa meno, na kukujazia kiganja bila maneno. Nilikula kwake siku zote za mwaka ule isipokuwa Jumapili, na nikifumba macho sasa naweza kukueleza ni bakuli lipi lililokuwa na ufa. "Msomi, kula," alikuwa akisema, "hivyo vitabu vimekukausha."

Mvua zile zilijaza bonde la Jangwani mpaka barabara ikafungwa, na zilipokatika likaja neno jipya: dengue. Watu walilitamka kila mtu kwa namna yake na wote walilidharau kidogo, kwa sababu halikuwa na idadi ya wadudu. Malaria tulizoeana nayo. Hii ilivunja mifupa ya watu na karatasi zao zikasema hakuna kitu. Kipimo chake chenyewe sisi hatukuwa nacho. Tulikuwa na macho ya Bi Mwanaidi.

Mama Chitanda alipanda ngazi siku ya tatu ya homa yake, ameshika kuta zote mbili, macho mekundu, akisema viungo vinamuuma kama amepigwa na mchi. Bi Mwanaidi alimtoboa kidole, akapaka kioo, akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida. Vioo vilikuwa vingi asubuhi ile. Akanisukumia karatasi ya rafu, yenye majibu kwa mwandiko wake, kupitia tundu la pazia, kama siku zote, nami nikaisafisha kwenye fomu. Rafu yake ilisema hakuna vimelea. Kisha, kwa mshazari, ikipanda ukingoni mwa karatasi kama mdudu anayetafuta njia ya kutoka, ilikuwa na mistari mingine. Niliiona. Ningependa kusema sikuiona, lakini niliiona na nikaisoma nusu. Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya jina, umri, kipimo na jibu. Sehemu ya mistari ya mshazari haikuwepo. Nami nilikuwa nimefundishwa kwa miaka mitatu kwamba maandishi mazuri ni yale yaliyopunguzwa. Kwa hiyo nilihariri. Niliandika "Hakuna vimelea" kwa herufi za kupendeza, nikapiga mistari miwili chini kwa rula, na nilipomkabidhi nikaongeza tafsiri yangu mwenyewe ambayo hakuna aliyeniomba: "Mama, huna kitu."

Aliifurahia karatasi ile kuliko nilivyotarajia. Aliishusha jikoni, akaitundika ukutani kwa msumari, juu kabisa ya kalenda, na alipoweza kusimama aliwaonyesha wateja kwa upawa. "Mnaona? Mpishi wenu hana wadudu. Nendeni na kule mnakokula mishikaki mkawapime wa kule." Nilipita nikaisoma kwa mbali. Sitaficha: niliona fahari. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuchapishwa.

Siku mbili baadaye homa ilimwachia. Aliamka mwepesi, akapika kisamvu cha karanga na ming'oko kwa wote, shukrani. Nilipandisha sahani mbili, yangu na ya Bi Mwanaidi, tukakaa kula kwenye ile nusu ya chumba iliyokuwa bahari. Alikula matonge mawili. "Nani kapika?" akauliza. "Mama Chitanda. Kapona. Homa imeshuka tangu usiku." Mkono wake ukasimama juu ya sahani. "Jana alikuja saa ngapi kupima?" Nikamuuliza kupima nini tena. Alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaenda kwenye msumari tulikokuwa tukichomeka karatasi za rafu, akafunua moja moja mpaka akaipata, akaniwekea mbele. "Soma." Nikasoma mshazari ule kwa mara ya kwanza mpaka mwisho: chembe sahani chache, arudi kesho na keshokutwa, hata homa ikishuka. "Haya maneno yalikwenda wapi?" Nikamwambia fomu haina sehemu yake. Nilisema kwa kujiamini, kama mtu anayetetea tasnifu, na nikiikumbuka sauti yangu ile mpaka leo masikio yanapata moto. "Fomu," akasema Bi Mwanaidi. Alikuwa tayari ameshika kisanduku chake na anashuka ngazi.

Ilikuwa saa saba mchana, mabenchi yamejaa. Mama Chitanda alikuwa anapakua huku ameegemea pipa. "Njoo juu mara moja," Bi Mwanaidi alimwambia. "Nikimaliza hawa." "Sasa hivi, mwanangu." "Bi Mwanaidi, homa imekwisha, nimelala kama mtoto. Tumbo tu ndilo linanikata, nadhani maharage hayakuiva." "Fungua mdomo. Asubuhi ulipopiga mswaki hukuona damu?" "Mswaki mpya ule, mgumu kama fagio." Wateja wakacheka. Bi Mwanaidi akamshika kidole palepale, upawa ukiwa mkono wa pili, akamtoboa, akavuta damu kwenye vijirija vyake vyembamba, akambana pamba, akampandisha ngazi. Tulipofika juu kidole kile kilikuwa bado kinatoka damu, na Saidi mpagazi, aliyepanda nyuma yetu na sahani yake, alikuwa ameacha kutafuna.

Hesabu ile ya chembe sahani, zinazogandisha damu na ambazo dengue huzimaliza, ilichukua muda ambao kwangu bado haujaisha. Tik, halafu kimya kirefu. Tik. Kwenye kioo cha mtu mwenye afya kihesabio hukimbia. Siku ile kilitembea kama mtu anayetafuta anwani. Kisha akazungusha kile kijirija kingine kwenye mashine ndogo, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha damu ilivyojazana imefika juu. Mama Chitanda akachangamka. "Imepanda? Si ndiyo vizuri? Mwaka jana mliniambia sina damu." "Haijapanda," Bi Mwanaidi alisema. "Maji yake ndiyo yanavuja kwenye mishipa. Mchuzi ukikaukia jikoni, utasema nyama zimeongezeka?" Nilimwona Mama Chitanda akiutazama mchuzi ule kichwani mwake, ukikauka, ukishika chini. Hakuna alichokuwa anakijua zaidi ya hicho. Akavua aproni. "Nani atapakua?" akauliza. Nikauchukua upawa kutoka mkononi mwake, na ndiyo kazi pekee niliyoifanya sawasawa siku ile, hata kama niliifanya vibaya.

Walipanda bajaji wawili, kwenda hospitali kubwa. Mimi nikabaki na masufuria. "Msomi, hii sahani ya mtu au ya paka?" "Msomi, huyu umempa maharage bila wali, ndiyo Kizungu?" Kila nilipoinua kichwa karatasi ilikuwa mbele yangu, mistari miwili ya rula, mwandiko wa kutunukiwa. Nilitaka kuichana, lakini mikono yote miwili ilikuwa na wali, na watu walikuwa wanatazama.

Kwa siku nne nilikwenda wodini kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi walikuwa wamemtoa damu na kuna namba mpya kwenye faili, siku tatu za mwanzo ndogo kuliko ya jana yake. Dripu ziliingia moja baada ya nyingine. Alikuwa amevimba usoni, anasinzia, na sikujua la kumwambia, kwa hiyo niliuliza namba, nikaondoka. Mtaani walinisubiri. Kariakoo ile iliyokuwa ikishindana kwa wadudu sasa ilifuata chembe za Mama Chitanda kama watu wanavyofuata matokeo ya mpira. "Ngapi leo?" waliniuliza kwenye duka la vitenge. "Ngapi?" wakauliza mafundi cherehani. Nami, mtaalamu wa neno, nilijifunza kusema kama Bi Mwanaidi: jana ilikuwa hivi, leo ni hivi, mwenyewe anaonekana hivi. Siku ya nne namba ilikuwa imepanda kidogo sana, na Mama Chitanda alikuwa amekaa kitandani analalamikia uji wa hospitali. Nilipomwambia Saidi, alitua robota lake katikati ya njia akalikalia. Watu wakamzunguka na kupita pande zote mbili, na hakuna aliyemwambia atoe miguu.

Bi Mwanaidi hakuwahi kulitaja tena jambo lile. Tangu siku hiyo alinitaka tu nimsomee kila rafu kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, na mpaka mwaka ulipokwisha nilikuwa nausoma mwandiko wake kama wangu. Kisha nikapata kazi ya uhariri Posta, kazi iliyonistahili sana. Nilimwahidi kwamba nitakuwa napita. Mara kwa mara nilikutana na mtu aliyeniambia: Bi Mwanaidi anakusalimia, anasema upite. Kutoka ofisini kwangu mpaka kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sikupita. Kila mwaka salamu zilikuja, na kila mwaka nilizichukua kama dalili kwamba hajambo.

Jumamosi, Ilala, nilikaa mkekani na wanaume, nikasoma nilichokumbuka. Baadaye nikazunguka nyuma ya nyumba kunakopikwa, na mtu wa kwanza niliyemwona juu ya sufuria la pilau alikuwa Mama Chitanda, mwembamba sasa, nywele nyeupe chini ya kitambaa, upawa uleule au ndugu yake. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Msomi. Umenenepa. Vitabu vimeanza kukulisha?" Nilimwambia kwamba kuna jambo sijawahi kumwambia, kuhusu karatasi ile. Alinikatiza bila kuacha kukoroga. "Kwamba uliyakata maneno? Alinambia kwenye bajaji siku ileile. Nikasema nikirudi namfukuza uani kwangu asile tena. Akasema muache, mwandiko anao, bado hajajua kusoma." Akaonja chumvi. "Halafu kila asubuhi unakuja wodini, wenzako wanaleta machungwa, wewe unauliza namba unakimbia. Nikajua huyu anasoma. Karatasi bado ninayo. Njoo kesho uione."

Nilikwenda. Jengo letu halipo, pamesimama ghorofa la vioo, lakini yeye ana kijihoteli chake uchochoro wa pili, chenye meza nne na pipa lenye mfuniko. Karatasi iko ukutani ndani ya plastiki, ya njano kwa mafuta ya miaka yote. Hakuna vimelea, mistari miwili ya rula. Na chini ya mistari ile, kwa mshazari, ikipanda ukingoni, wino wa rangi nyingine, ambao mwaka ule sikuuona kwa sababu sikuinua tena macho kuitazama karatasi ile. Siku aliyorudi kutoka hospitali, Mama Chitanda alinieleza, Bi Mwanaidi alishuka kumkaribisha, akapanda juu ya kigoda akaandika palepale ukutani. Aliulizwa kwa nini anaharibu karatasi nzuri, akasema haijaisha. Mama Chitanda mwenyewe hajawahi kuweza kuyasoma maneno hayo. Alinitaka nimsomee. Nikamsomea kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho: chembe sahani chache, arudi kesho na keshokutwa, hata homa ikishuka.

Nje kipaza sauti kilikuwa kinauza mashuka. Akaniletea kikombe, kijiko kimesimama juu ya kopo la sukari, akaniuliza viwili au vitatu. Nikatoa mfukoni karatasi yangu ya hospitali, nikaikunjua mezani, nikaisoma, safari hii mpaka chini, ambako waliandika nirudi. Nilimwambia asitie sukari. Jumatatu narudi kupima.